Kugombea Ujumbe wa Bodi ya Shule Texas: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Texas, wawe wametokea Kivu, Kigoma au Mombasa, au wamepitia kambi za Nyarugusu na Kakuma, ambao watoto wao wanasoma katika shule za umma na ambao wameanza kujiuliza ni nani hasa anayeamua mambo ya shule hizo. Majibu yanahusu sheria za Texas peke yake, kwa kuwa kila jimbo la Marekani lina utaratibu wake.

Bodi ya shule ya huku ina tofauti gani na kamati ya shule tuliyoizoea nyumbani?

Kamati ya shule ya Tanzania, au bodi ya usimamizi ya Kenya, kwa kawaida hushughulikia shule moja. Bodi ya Texas husimamia wilaya nzima ya shule, ambayo kule mashambani inaweza kuwa na shule moja au mbili tu, na Houston ikawa na zaidi ya 200. Jimbo lina wilaya zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa na herufi ISD (Independent School District, yaani wilaya huru ya shule) mwishoni mwa jina, na kila moja ni mamlaka inayojitegemea, yenye uwezo wa kutoza kodi na isiyokuwa chini ya meya wala baraza la mji. Mipaka yake pia haifuati mipaka ya miji. Familia yenye anwani ya Houston inaweza kuwa ndani ya Alief ISD, na nyingine inayoishi Dallas ikawa ndani ya Richardson ISD, kwa hiyo kabla ya kufikiria kugombea au kupiga kura, hakikisha kwanza nyumba yako iko katika wilaya ipi.

Bodi nyingi zina wajumbe saba; za Houston na Dallas zina tisa. Kipindi ni miaka mitatu au minne kulingana na wilaya, na kazi hii haina mshahara.

Mjumbe ana mamlaka gani?

Akiwa peke yake, hana mamlaka yoyote, na hili ndilo jambo ambalo wagombea wengi wapya hulitambua wakiwa wameshaahidi mengi. Mjumbe hawezi kumwamuru mwalimu mkuu, hawezi kumhamisha mwalimu, na hawezi kubadilisha njia ya basi la shule hata kama basi hilo linampita mtoto wake kila asubuhi. Mamlaka ni ya bodi kwa pamoja, yanayotumika kwa kura katika kikao kilichotangazwa kisheria.

Bodi kwa pamoja ina nguvu kubwa. Ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa wilaya, kwa mkataba usiozidi miaka mitano, na ndiyo inayomtathmini na kumwachisha kazi. Hupitisha bajeti, hupanga kiwango cha kodi, huamua kuwapelekea wapiga kura pendekezo la kukopa fedha za ujenzi, hufungua na kufunga shule, na hupitisha sera ambazo watumishi wote wa wilaya wanalazimika kuzifuata. Yale yanayosisimua watu kwenye kampeni mara nyingi hayamo katika orodha hiyo. Mtaala wa msingi na mitihani ya jimbo hupangwa na serikali ya Texas huko Austin, wala hakuna bodi ya wilaya inayoweza kuifuta.

Fedha za shule zinatoka wapi?

Anayetaka kugombea na hana jibu la swali hili asichukue fomu kwanza. Sehemu kubwa inatokana na vyanzo viwili: kodi ya nyumba na ardhi inayotozwa na wilaya yenyewe, na ruzuku ya jimbo. Anayepanga nyumba huilipa kodi hiyo pia, kupitia kodi ya pango anayompa mwenye nyumba, ingawa hapokei stakabadhi yake. Hesabu ya ruzuku huanzia kwenye kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi, ambacho kilikaa dola 6,160 tangu mwaka 2019, wakati bei za mafuta, bima na chakula zikipanda, hadi mwaka 2025 bunge la jimbo lilipoongeza dola 55. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2025 ilitenga jumla ya takriban dola bilioni 8.5 kwa shule za umma, lakini sehemu kubwa ilishaelekezwa na sheria yenyewe, hasa kwenye mishahara ya walimu, na bodi haikuachiwa uhuru mkubwa wa kuamua itumike wapi.

Jambo la pili halijulikani sana kwa wazazi wetu. Texas hailipi kwa idadi ya watoto walioandikishwa, bali kwa wastani wa watoto waliohudhuria. Kila siku ya masomo ina muda rasmi wa kuhesabu, ambapo mwalimu huangalia darasa na kuweka alama kwenye kompyuta, na kiti kilicho wazi wakati huo ni fedha ambazo wilaya haitazipata, ingawa mshahara wa mwalimu, umeme na dereva wa basi vinalipwa kama kawaida. Mtoto anayechukuliwa asubuhi kwenda kwa daktari anaweza bado kuhesabiwa kuwa alikuwepo, mradi amehudhuria sehemu ya siku hiyo na mzazi amepeleka barua ya daktari shuleni. Barua hiyo ambayo wengi huiacha ndani ya gari ina thamani kuliko mabango mengi ya kampeni.

Kuna pia utaratibu ulioanza mwaka 1993, ambao watu huuita Robin Hood, unaozitaka wilaya zenye mali nyingi kurudisha sehemu ya kodi zao ili zisaidie mfumo mzima. Mgombea wa wilaya kama hiyo ataulizwa kuuhusu katika kila mkutano.

Kwa nini karatasi ya kura husema mkopo wa ujenzi ni nyongeza ya kodi, wakati wilaya inasema kiwango hakitapanda?

Kwa sababu sheria ya mwaka 2019 inalazimisha kila pendekezo la hati fungani za shule, yaani mkopo huo wa ujenzi, liwe na sentensi hiyo kwa herufi kubwa, hata pale ambapo kiwango cha kodi hakitabadilika. Wilaya haina hiari ya kuiondoa, wala haiwezi kutumia fedha zake kuwashawishi wapiga kura waseme ndiyo. Inaruhusiwa kutoa maelezo tu. Kazi ya ushawishi inabaki kwa raia wa kawaida, wanaojitolea kwa muda na fedha zao.

Nani anaruhusiwa kugombea?

Ni lazima uwe raia wa Marekani, wa kuzaliwa au wa kuomba, mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ifikapo siku ya kwanza ya kipindi unachogombea. Uwe umeishi Texas mfululizo kwa miezi 12, na ndani ya eneo la uchaguzi kwa miezi 6, kabla ya siku ya mwisho ya kupokea fomu, na uwe umeandikishwa kupiga kura katika eneo hilo. Usiwe umehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai bila kusamehewa au kuondolewa vizuizi vyake, wala usiwe umetangazwa na mahakama kuwa huna uwezo wa kiakili. Sheria haidai shahada ya chuo, wala haidai kuwa na mtoto shuleni.

Wilaya nyingine huchagua wajumbe wote kwa kura za wilaya nzima, nyingine zimegawanywa katika maeneo, na katika hizo unapaswa kuishi ndani ya eneo unaloliwakilisha. Amarillo, ambako wapo Wakongo wengi, ina utaratibu usio wa kawaida: mpiga kura hupewa idadi ya kura sawa na ya viti vinavyogombewa, na anaweza kuzirundika zote kwa mgombea mmoja. Jumuiya ndogo iliyojipanga inapaswa kuulewa vizuri utaratibu huo.

Nina grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), au nilipewa hifadhi juzi. Je, naweza kupiga kura za shule, kwa kuwa ni za mtaani tu?

Hapana. Texas hakuna uchaguzi wowote wa serikali, hata ule mdogo kabisa wa wilaya ya shule, ambao asiye raia anaruhusiwa kupiga kura. Kujiandikisha kwa kutia alama kwenye kisanduku kinachosema wewe ni raia, hata kama mtu wa meza ya kuandikisha alikuambia haina shida, kunaweza kukufungulia kesi ya jinai na kesi ya kuondolewa nchini, na kukuharibia ombi la uraia miaka mingi baadaye. Ukiletewa fomu ya kujiandikisha mlangoni au sokoni, na wewe si raia, irudishe bila kuandika chochote.

Hata hivyo, milango mingine iko wazi. Asiye raia anaweza kujitolea katika kampeni bila malipo, kuzungumza kwenye kikao cha bodi, na kukaa katika kamati za wazazi. Mwenye grinikadi anaweza pia kuchangia fedha. Asiyekuwa nayo bado, akiwemo mkimbizi aliyefika karibuni, haruhusiwi na sheria ya shirikisho. Mkimbizi akumbuke kwamba miaka yake mitano ya kusubiri uraia huhesabiwa tangu siku alipoingia nchini, si tangu siku kadi ilipotoka.

Fomu hupelekwa lini na wapi?

Chaguzi za bodi hufanyika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei au katika uchaguzi wa Novemba, kutegemea wilaya. Fomu ya kuomba jina liwekwe kwenye karatasi ya kura hupelekwa ofisi ya wilaya ya shule. Kwa kawaida siku ya mwisho ni siku ya 78 kabla ya uchaguzi, yaani katikati ya Februari kwa kura za Mei na katikati ya Agosti kwa kura za Novemba. Fomu husainiwa kwa kiapo mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, na hakuna ada ya kuipeleka. Usingoje siku ya mwisho, kwa sababu kosa dogo la tarehe au anwani likigunduliwa saa kumi na moja jioni ofisi ikifungwa, hakuna wa kukusaidia.

Katika wilaya ndogo hutokea mara nyingi kwamba hakuna mpinzani katika viti vyote. Hapo bodi huruhusiwa kufuta uchaguzi na kumtangaza mgombea kuwa amechaguliwa. Kuna watu wamekaa kwenye bodi kwa miaka bila jina lao kupigiwa kura hata mara moja, na sababu ni kwamba hakuna mwingine aliyechukua fomu.

Tunaweza kufanya harambee kwa ajili ya mgombea wetu?

Mnaweza, ila si kama tulivyozoea. Kabla ya kupokea au kutumia senti moja ya kampeni, hata ikiwa ni fedha yako mwenyewe ya kuchapisha kadi, ni lazima uwasilishe fomu ya kumteua mweka hazina wa kampeni. Unaweza kujiteua mwenyewe, ingawa ni busara zaidi kumpata mtu anayependa kutunza stakabadhi.

Halafu tafakari harambee yenyewe inavyokwenda. Watu wamekula pilau, mshereheshaji ameshika maikrofoni, kikapu kinazunguka, na mzee mmoja anainuka na kutupia noti tano za dola mia huku akipigiwa vigelegele. Katika tukio hilo moja sheria imeshavunjwa, kwa kuwa mgombea wa Texas haruhusiwi kupokea kutoka kwa mtu mmoja zaidi ya dola 100 za fedha taslimu katika kipindi kimoja cha taarifa ya mapato na matumizi ya kampeni. Noti zilizotupwa kikapuni bila kujulikana zimetoka kwa nani zina tatizo jingine, kwa sababu kila mchango unapaswa kuandikwa na jina la aliyeutoa. Mchango wa mama mwenye duka la vitenge ni halali akiandika hundi kutoka akaunti yake binafsi. Hundi ya kampuni iliyosajiliwa kama shirika haipokelewi, na vivyo hivyo fedha za kanisa au msikiti. Fanyeni harambee, lakini muweke meza mlangoni yenye daftari la majina, anwani na kazi za wachangiaji, na muwaombe watu watumie hundi au kadi ya benki.

Mgombea mwenye mpinzani huwasilisha pia taarifa ya mapato na matumizi siku 30 na siku 8 kabla ya uchaguzi. Taarifa hizo ni za wazi, na wapinzani huzisoma.

Je, lazima nijiunge na chama?

Karatasi ya kura ya bodi kwa kawaida haionyeshi chama. Kwa miaka ya karibuni vyama na makundi yenye fedha yameingia katika chaguzi hizi kwa nguvu, na utaulizwa uko upande gani kabla hujaulizwa lolote kuhusu usomaji wa watoto. Kujibu au kutojibu ni hiari yako.

Mimi ni mwalimu msaidizi, na mke wangu ni mpishi wa shule. Kuna kizuizi?

Huwezi kuwa mwajiriwa na mjumbe wa bodi katika wilaya ileile. Ukishinda, unaacha kazi, au utafute kazi katika wilaya ya jirani. Kuhusu mke, sheria dhidi ya upendeleo wa kindugu inahusu ndugu wa damu na wa ndoa, lakini ina nafasi kwa mtu aliyekuwa tayari kazini: akiwa ameshika kazi hiyo mfululizo kwa muda unaotakiwa, ambao kwa uchaguzi wa Mei ni miezi 6 kabla ya wewe kuchaguliwa, anaweza kubaki, nawe hutashiriki katika maamuzi yanayomhusu yeye peke yake. Muda huo ni mrefu zaidi kwa kura zinazoangukia uchaguzi mkuu wa jimbo, kwa hiyo pata ushauri wa mwanasheria kabla ya kupeleka fomu.

Bibi yetu ni raia lakini hasomi Kiingereza. Atapigaje kura?

Sheria ya shirikisho inamruhusu mpiga kura asiyeweza kusoma kuingia na mtu anayemchagua mwenyewe, awe binti yake, jirani au hata mgeni, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi hula kiapo kituoni, na hapaswi kumwelekeza achague nani. Awe na kitambulisho chenye picha kinachokubalika, na awe ameandikishwa siku 30 kabla ya uchaguzi. Msimpeleke siku yenyewe ya uchaguzi kama mnaweza kumpeleka wiki ya upigaji kura wa mapema, ambapo foleni ni fupi na maofisa wana muda wa kuelekeza.

Mjumbe wa bodi anaweza kuzuia vocha za shule binafsi?

Hawezi. Mpango huo uliwekwa na bunge la jimbo na kusainiwa na Gavana Greg Abbott mwezi Mei 2025, ukatengewa dola bilioni moja, ili fedha za umma zilipie masomo ya binafsi kuanzia mwaka wa masomo 2026/27. Kinachobaki mikononi mwa bodi ni kushughulikia matokeo yake, kwa maana kila mtoto anayeondoka huondoka na ruzuku yake, huku gharama za jengo zikibaki palepale. Msimamo wangu ni kwamba fedha hizo zingefaa zaidi shule zinazopokea kila mtoto bila kumchagua. Na shule za umma kweli hazichagui: uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, iliyotokea hapahapa Texas, ulizizuia kuwafungia nje watoto kwa sababu ya hati za uhamiaji.

Ni kweli jimbo linaweza kuinyang'anya bodi mamlaka yake?

Ni kweli. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka kamishna wa elimu achukue hatua pale shule hata moja inapopata alama za kushindwa miaka mitano mfululizo: aifunge shule hiyo, au aweke mameneja wa kuteuliwa badala ya bodi iliyochaguliwa. Ndivyo ilivyokuwa Houston mwezi Juni 2023, na Oktoba 2025 ikatangazwa kwamba Fort Worth ingefuata. Wajumbe waliochaguliwa Houston wameendelea kuwepo na hata kugombea, ila hawana kura juu ya bajeti wala msimamizi mkuu. Kwa hiyo mgombea makini huanza kwa kuuliza ni shule ipi katika wilaya yake inayofeli mwaka wa tatu au wa nne, kabla ya kuuliza jambo lingine lolote.

Nimegombana na mwalimu wa mtoto wangu na ofisi hainisikilizi. Je, nigombee?

Kwa sababu hiyo peke yake, usigombee. Kila wilaya ina utaratibu wa malalamiko wenye ngazi na muda maalumu, na ngazi ya juu ni bodi yenyewe. Ukiingia kwenye bodi ukiwa na shauri lako mkononi, utatakiwa kujiweka kando pale pale linapojadiliwa.

Sitaki kugombea. Naweza kusaidia vipi shule za umma?

Anza na kikao cha bodi. Sheria ya Texas inampa kila mtu haki ya kuzungumzia ajenda kabla ya bodi kuiamua au wakati ikiijadili. Kwa kawaida unajiandikisha mapema, unaitwa jina, unasimama kwenye kipaza sauti, na saa inaanza kuhesabu, mara nyingi dakika mbili au tatu. Anayezungumza kupitia mkalimani anapaswa kupewa angalau mara mbili ya muda huo, pale ambapo hakuna vifaa vya tafsiri ya papo hapo. Haki hii imo katika sheria, kwa hiyo idai kwa upole unapojiandikisha, usingoje hadi kengele ilie. Usishangae wajumbe wakikutazama bila kukujibu. Mara nyingi sheria ya mikutano haiwaruhusu kujadili jambo lisilo kwenye ajenda.

Ipo pia kamati ya ushauri wa afya ya shule, ambayo kisheria wengi wa wajumbe wake lazima wawe wazazi wasioajiriwa na wilaya, na ambayo wilaya nyingi huhangaika kuijaza. Mtu aliyekaa humo miaka miwili huingia kwenye kampeni akijua majina, bajeti na desturi za ofisi.

Nikishinda, nitegemee nini kwanza?

Kiapo, kisha mafunzo ya lazima yanayohusu sheria ya elimu, mikutano ya wazi, matokeo ya wanafunzi na mengineyo. Halafu kinakuja kitabu cha bajeti, ambacho hupaswa kupitishwa kabla ya Julai 1 au Septemba 1 kulingana na mwaka wa fedha wa wilaya yako.

Tahadhari kubwa ni ya simu. Wajumbe wanne kati ya saba wakijadili jambo la wilaya kwenye kundi la WhatsApp, wamefanya kikao cha siri, na kuzungushiana ujumbe mmoja mmoja hadi wafike wanne ni kosa vilevile. Ujumbe unaohusu kazi ya wilaya, hata ukiwa kwenye simu yako binafsi, ni kumbukumbu ya umma inayoweza kuombwa na mwananchi yeyote, kwa hiyo usiufute, na waeleze mapema shemeji na majirani kwamba maombi yao ya kumtafutia mtu kazi shuleni huenda siku moja yakasomwa na mwandishi wa habari.